Kupanga Safari ya Kupiga Mbizi Karibi Wakati wa Korona: Mwongozo Kamili Unaoanzia Siku ya Kurudi

Mpiga mbizi anapopanga safari, jambo la kwanza analolitazama ni ramani ya miamba ya matumbawe, la pili ni bei ya tiketi, na siku ya kurudi nyumbani humjia akilini mwisho kabisa, kana kwamba itajipanga yenyewe. Katika miaka miwili ya mwanzo ya UVIKO-19 mpangilio huo uliwaacha wasafiri wengi wamekwama hotelini, wakilipia vyumba ambavyo hawakuviwekea bajeti. Mimi, baada ya kuipanga safari ya Bonaire, kisiwa cha Karibi, mara tatu na kufanikiwa kuifanya mara moja, nashauri kazi yote igeuzwe: chukua kalenda, tia alama kwenye siku ambayo ndege ya kurudi itaondoka, kisha rudi nyuma siku baada ya siku hadi ufike siku ya kutoka nyumbani. Karibu kila kinachoweza kukutega kiko mwishoni mwa safari, nacho ni kipimo cha kurudi, saa za kukaa nchi kavu kabla ya kupanda ndege, na karantini endapo majibu yatakuwa mabaya.

Niliandika mwongozo huu katikati ya Desemba 2021, wiki chache baada ya Shirika la Afya Duniani kuitangaza Omicron, tarehe 26 Novemba, kuwa aina ya kirusi ya kutiliwa wasiwasi. Masharti ya korona nitakayoyataja ni ya wakati huo, na mengi yamebadilika au kufutwa tangu hapo. Kwa hiyo shika namna ya kupiga hesabu, kisha uweke ndani yake masharti ya siku yako. Ninaowafikiria zaidi ni wenzangu tunaoishi Marekani na Kanada, ambao wengi wetu tulijifunzia kupiga mbizi Nungwi, Mafia, Watamu au Diani, na ambao Karibi kwa sasa iko karibu nasi kuliko Bahari ya Hindi. Nimewakumbuka pia watakaotokea Nairobi au Dar es Salaam, kwa kuwa wao wana karatasi moja ambayo sisi tulioko huku huisahau.

Hatua ya kwanza: Ipange siku ya kurudi kabla ya siku nyingine yoyote

Tuanze na sharti la Marekani, kwa sababu ndilo lililowabana wengi. Tangu tarehe 26 Januari 2021 hadi sharti hilo lilipofutwa Juni 2022, kila abiria wa ndege anayeingia Marekani kutoka nchi nyingine, mwenye umri wa miaka miwili au zaidi, alitakiwa aonyeshe majibu kwamba hana korona kabla ya kupanda ndege. Hapo mwanzo kipimo kiliweza kuchukuliwa ndani ya siku tatu kabla ya kuondoka. Kuanzia tarehe 6 Desemba 2021 muda huo ulipunguzwa hadi siku moja kwa kila mtu, awe amechanjwa au hajachanjwa, awe raia au mgeni.

Soma neno hilo la siku moja kwa makini, maana watu wengi walilichukulia kuwa saa 24, na haikuwa hivyo. Iliyohesabiwa ilikuwa siku ya kalenda. Ikiwa ndege yako iliondoka Jumamosi saa saba mchana, kipimo kilichochukuliwa wakati wowote siku ya Ijumaa kilikubalika, hata kile cha saa moja asubuhi. Nchi nyingine zilihesabu kwa saa, na miongoni mwa hizo zilikuwapo zilizohesabu tangu sampuli ilipochukuliwa hadi ndege inapoondoka, na zilikuwapo zilizohesabu hadi ndege inapotua. Kwa mtu anayeunganisha ndege mbili au tatu, tofauti hiyo inaweza kufika saa kumi na tano. Andika kwa mkono wako, kwenye karatasi moja, saa ya kuchukuliwa kipimo, saa ya kuondoka kwa ndege ya kwanza na saa ya kutua kwa ndege ya mwisho, ukigeuza majira ya kila kituo.

Sasa weka kando ya sharti hilo kanuni ya zamani ambayo kila mpiga mbizi aliyefundishwa vizuri anaijua. Unapovuta hewa iliyogandamizwa chini ya maji, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili, kisha hutoka taratibu baada ya kupanda juu. Ndani ya ndege shinikizo la hewa hushuka na kufanana na la mlimani, yapata mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutengeneza viputo vinavyoumiza viungo, uti wa mgongo au ubongo. Ndiyo maana mwongozo unaotumiwa na mtandao wa usalama wa wapiga mbizi, DAN, unataka mtu akae angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya kupunguza shinikizo, na angalau saa 18 baada ya mbizi nyingi za siku kadhaa. Aliyezama kwa kina au kwa muda uliomlazimu kusimama njiani akipanda anahitaji zaidi ya hapo, na mimi binafsi nakaa saa 24 kila mara.

Masharti hayo mawili yanaingiliana kama kufuli na ufunguo. Mbizi ya mwisho iwe Alhamisi alasiri, Ijumaa nzima iwe siku ya nchi kavu, ya kupima na kusubiri majibu, Jumamosi ondoka. Anayepanga kuzamia hadi Ijumaa asubuhi, kisha akimbilie kliniki akiwa na nywele mbichi, ameyahatarisha yote mawili kwa ajili ya mbizi moja. Mwite mwendeshaji wa kituo cha kuzamia mapema na umwambie wazi kwamba hutaki mbizi ya Ijumaa, hata kama imo ndani ya bei ya kifurushi.

Kuhusu aina ya kipimo, Marekani ilikubali PCR na pia kipimo cha haraka cha antijeni. Mtu aliyewahi kuugua hivi karibuni achague antijeni kwa safari ya kurudi, kwa sababu PCR inaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi kwa wiki nyingi baada ya mtu kupona. Kama ulithibitishwa kuwa na ugonjwa ndani ya siku 90 zilizopita na umepona, uliruhusiwa kubeba majibu hayo pamoja na barua ya daktari inayosema umepona na unafaa kusafiri. Barua hiyo itafute ukiwa nyumbani, maana si rahisi kuipata ukiwa kisiwani.

Halafu jiulize swali ambalo hakuna anayelipenda: nikikutwa na korona, nitalala wapi? Mwandikie mwenye hoteli kabla ya kulipa, umwombe akujibu kwa maandishi kama mgeni aliyekutwa na korona ataachwa chumbani kwake au atahamishwa, na kwa bei gani kwa usiku. Hifadhi pesa za siku kumi za ziada na likizo ya kazini ya siku hizo. Asiye na nafasi hiyo, kwa maoni yangu, asisafiri kwanza, bahari itamsubiri.

Hatua ya pili: Chagua kisiwa kwa maswali matatu

Uzuri wa mwamba usiwe kigezo cha kwanza. Uliza kama mpaka uko wazi kwa mtu wa pasi yako na chanjo yako, kama kisiwa kina chemba ya shinikizo inayofanya kazi, na kama utalazimika kubanana na watu usiowajua ili kufika majini. Swali la pili ndilo linalosahaulika. Anayepatwa na ugonjwa wa viputo hutibiwa kwa kuwekwa ndani ya chemba na kupewa oksijeni chini ya shinikizo. Pasipo chemba kisiwani inabidi arushwe hadi nchi nyingine, na wakati wa janga nchi hiyo nyingine inaweza kuwa imefunga mpaka au hospitali yake imejaa. Piga simu mwenyewe wiki mbili kabla ya safari uthibitishe kwamba chemba iko kazini.

Meksiko haijawahi, tangu janga lianze, kudai kipimo wala karantini kwa anayeingia kwa ndege, ndiyo sababu kisiwa chake cha Cozumel kilijaa watu. Miamba yake ni ya kupendeza, imekuwa hifadhi ya taifa ya baharini tangu 1996, na chemba zipo. Lakini mbizi za Cozumel ni za boti na za kubebwa na mkondo, nawe utakaa bega kwa bega na watu ambao hakuna aliyewapima. Urahisi wa kuingia usiuchukulie kuwa ndio usalama.

Visiwa vya Cayman vilijifungia kwa miezi 20 na vilianza kupokea watalii waliochanjwa tarehe 20 Novemba 2021, pamoja na masharti ya vipimo. Turks na Caicos walitaka chanjo kamili kwa kila mgeni wa miaka 16 na kuendelea kuanzia tarehe 1 Septemba 2021. Bahamas walikuwa na kibali chao cha afya kilichoombwa mtandaoni kabla ya safari, na Aruba walidai ununue bima yao ya wageni. Belize ilifungua uwanja wake wa ndege tarehe 1 Oktoba 2020, na wengi huenda huko kwa ajili ya Shimo la Bluu, shimo la baharini lenye upana wa takriban mita 300 na kina cha zaidi ya mita 120. Napenda niseme waziwazi kwamba Shimo la Bluu si mahali pa kurudia mbizi baada ya mapumziko marefu: ni mwendo mrefu wa boti, na kinachotazamwa, yaani ile miamba inayoning'inia kama meno, kiko karibu na mita 40 chini, mahali ambapo naitrojeni humlevya mtu na hewa ya mtungi huisha upesi.

Mimi nilichagua Bonaire, na bado ningeichagua. Ni kisiwa kidogo cha Uholanzi, mashariki ya Curaçao, kinachotumia dola ya Marekani tangu 2011. Bahari yote inayokizunguka, kuanzia mstari wa maji kujaa hadi kina cha mita 60, imekuwa hifadhi tangu 1979. Jambo linalokifanya kifae wakati wa korona ni namna watu wanavyozamia. Unakodi gari la mizigo, unapakia mitungi yako kwenye kituo cha kujazia hewa, kisha unaendesha pwani ukitafuta mawe yaliyopakwa rangi ya njano pembeni mwa barabara, kila jiwe likiwa limeandikwa jina la sehemu. Unaegesha, unavaa, unaingia majini kwa miguu na mwenzi wako mmoja. Hakuna boti, hakuna kiongozi, hakuna wageni kumi na wawili chini ya turubai moja. Sehemu za aina hiyo ni nyingi mno kuzimaliza kwa likizo moja, na ukingo wa mwamba huanza kushuka kiasi cha mita 10 tu chini ya uso wa maji.

Vilevile Bonaire iko kusini, nje ya njia kuu ya vimbunga. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kwa visiwa vya kaskazini ningeepuka Agosti hadi Oktoba bila kusita, kwa kuwa kimbunga na karantini vikikutana hakuna bima itakayokupa usingizi. Hospitali ya Bonaire ina chemba, ila ni hospitali ndogo na wagonjwa mahututi hupelekwa visiwa jirani au Kolombia. Kwa sababu hiyo masharti yao ya kuingia wakati wa janga yalikuwa yakipanda na kushuka kulingana na daraja la hatari walilokupa kwa nchi unayotoka. Walitaka fomu ya afya ya mtandaoni na kipimo. Yafuate kwa heshima. Unakwenda nyumbani kwa watu wenye vitanda vichache.

Hatua ya tatu: Pasi, viza na ile kadi ya njano

Raia wa Kenya au Tanzania anayepitia Marekani anahitaji viza ya Marekani hata kama hatoki nje ya uwanja wa ndege, kwa maana nchi hiyo haina utaratibu wa kupita tu. Njia nyingine ya Bonaire ni kupitia Amsterdam, lakini fahamu kwamba viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya, na viza ya sehemu za Karibi za Ufalme wa Uholanzi ni vitu viwili tofauti. Uliza ubalozi ukiwa na muda wa kutosha. Kwa visiwa kadhaa vya Jumuiya ya Madola, Barbados na Jamaika vikiwamo, mwenye pasi ya Kenya haombi viza ya utalii.

Kadi niliyoidokeza mwanzoni ni ya homa ya manjano. Nchi nyingi za Karibi humdai cheti hicho msafiri anayetoka kwenye nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo kwenye orodha. Chanjo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi. Ikiwa ulikwenda kuwaona wazazi Mombasa au Arusha wiki chache kabla ya safari ya Karibi, kadi hiyo iwe ndani ya pasi yako.

Kuhusu chanjo ya korona, Marekani tangu tarehe 8 Novemba 2021 hadi Mei 2023 iliwataka wageni wawe wamechanjwa kikamilifu, na ilizitambua chanjo zote zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, zikiwamo AstraZeneca iliyotolewa Kenya pamoja na Johnson & Johnson na Sinopharm zilizotolewa Tanzania. Visiwa vingine vilikuwa na orodha zao, kwa hiyo ilibidi ulinganishe jina la chanjo yako na orodha ya kisiwa husika. Kukamilika kwa chanjo kulihesabiwa wiki mbili baada ya dozi ya mwisho.

Hatua ya nne: Mapafu kwanza, kisha tiketi

Ndugu msomaji, hapa nakuomba usiharakishe. Korona ni ugonjwa unaopenda mapafu, na kupiga mbizi ni mchezo wa mapafu. Mita 10 chini ya maji shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Hewa iliyojaa kifuani ukiwa huko hutanuka hadi kuwa mara mbili unapopanda. Kwa mtu mzima wa afya hewa hiyo hutoka anapopumua. Kwa mtu ambaye kijia chembamba cha hewa kimeachwa na kovu au kimezibwa na makohozi, hewa inaweza kunaswa, ikapasua tundu dogo la pafu na kuingia kwenye damu, ikaelekea kwenye ubongo. Ajali hiyo inaweza kutokea hata kwenye maji ya kina kifupi.

Madaktari wa kuzamia walianza kulizungumzia hili mapema. Chama chao cha Ubelgiji, kwenye tamko la Aprili 2020, kilishauri mtu aliyeugua na kuonyesha dalili asubiri angalau miezi miwili, na vizuri zaidi mitatu, na aliyelazwa hospitali kwa matatizo ya mapafu asubiri miezi mitatu kisha apimwe nguvu ya mapafu na kupigwa picha kabla ya kurudi majini. Ushauri wa kitabibu umeendelea kuboreshwa tangu wakati huo, ila msingi wake haujabadilika: aliyeugua, hata kidogo, amwone daktari anayeelewa kuzamia, na asitosheke na kusema kwamba anajisikia vizuri. Kipimo kidogo unachoweza kujifanyia nyumbani ni kupanda ngazi za ghorofa nne kwa mwendo wa kawaida. Ukifika juu ukihema kuliko ulivyokuwa ukihema kabla ya kuugua, ahirisha.

Chanjo yenyewe si kizuizi. Subiri tu homa na uchovu viishe kabisa kabla ya kuingia majini. Fomu ya afya ya mpiga mbizi ipate mapema, uijaze kwa ukweli, na kama jibu lolote linahitaji sahihi ya daktari, ipate ukiwa nyumbani. Nimeona mtu akirudishwa kutoka gatini kwa kukosa sahihi hiyo, na daktari wa kisiwani alikuwa na miadi ya wiki iliyofuata.

Hatua ya tano: Bima mbili, si moja

Bima ya ajali za kuzamia, kama zile zinazotolewa kwa wanachama wa DAN, hulipia chemba na kusafirishwa kwa dharura. Bima ya safari hulipia tiketi, hoteli na kucheleweshwa. Hakuna mojawapo inayofanya kazi ya mwenzake. Kwenye bima ya safari tafuta neno janga ndani ya orodha ya yasiyolipwa, na uulize mambo matatu: kama watalipia matibabu ya korona, kama watalipia hoteli ya karantini, na kama watalipa serikali ikifunga mpaka wakati wewe huumwi. Swali hilo la tatu mara nyingi jibu lake ni hapana. Marekani ipo bima inayokuruhusu kuvunja safari kwa sababu yoyote, ambayo kwa kawaida hurudisha kati ya asilimia 50 na 75, lakini lazima inunuliwe ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza. Tiketi na hoteli vilipie kwa mashirika yanayoruhusu kubadili tarehe, na maneno ya ruhusa hiyo yahifadhi.

Hatua ya sita: Vifaa vyako mwenyewe, na maji ya kuoshea

Kabla ya korona niliwaambia wanaoanza wakodi karibu kila kitu. Sasa nasema kipumulio, miwani na kirija cha kupumulia juu ya maji viwe vyako mwenyewe, kwa kuwa ndivyo vinavyogusa mdomo na pua. Kipumulio kilichokaa kabatini miezi 18 kipelekwe kwa fundi: mpira wa ndani hukauka, na mshipi wa plastiki wa kushikilia kidomo hukatika wakati usiofaa. Badilisha betri ya kompyuta ya kuzamia na ujaze fulana ya kuelea kwa hewa usiku kucha ukaone kama asubuhi ingali imejaa.

Dawa ya kuulia virusi ni dawa ya kufulia yenye klorini. Iliyo na nguvu ya asilimia 5, chukua mililita 20 ujaze maji hadi lita 1, utapata asilimia 0.1. Loweka kidomo, kirija na bomba la kujazia fulana kwa mdomo, kisha suuza kwa maji safi mengi na uache vikauke kivulini. Usitumie vitakasa mikono vya alkoholi kwenye vali za mitungi wala karibu na pampu, hasa pale wanapojaza hewa iliyoongezwa oksijeni, kwa sababu mvuke wa alkoholi hushika moto. Na ile tabia yetu ya kutemea mate kwenye miwani kisha kuisuuza kwenye ndoo ya wote tuiache. Tone moja la shampuu ya watoto linafanya kazi ileile.

Kuosha huko kuna faida ya pili ambayo ninaijali kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu 2014, ulipoonekana mara ya kwanza karibu na Miami, ugonjwa unaoua tishu za matumbawe magumu umekuwa ukisambaa Karibi: Jamaika na Cozumel ulifika 2018, Turks na Caicos 2019, Cayman na Roatán ya Honduras 2020. Ubongo wa bahari, lile tumbawe la mviringo lenye mikunjo, linaweza kuishi mamia ya miaka likafa kwa wiki chache. Anayetoka kisiwa chenye ugonjwa kwenda kisichokuwa nao asibebe maji ya chumvi ndani ya mabuti na mifuko ya fulana yake.

Hatua ya saba: Saa 72 za mwisho kabla ya kuondoka

Hapa kazi ni karatasi. Kwenye safari yangu ya Oktoba kliniki niliyopimiwa iliniletea majibu kwa barua pepe usiku wa kuamkia safari, nami nikasoma neno moja tu, kwamba sina korona, nikalala kwa furaha. Asubuhi kwenye kaunta ya uwanja wa ndege dada aliyekuwa akikagua alishika pasi mkono huu na karatasi mkono ule, akatazama huku, akatazama kule, kisha akageuza karatasi na kunionyesha kwa ncha ya kalamu: mwezi na tarehe yangu ya kuzaliwa vilikuwa vimebadilishana nafasi. Nilikuwa nimefika saa tatu na nusu kabla. Saa moja na dakika arobaini zilikwenda nikiwa kwenye simu, hadi kliniki ilipotuma karatasi iliyosahihishwa, na mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikuwa tayari amekunywa kahawa yake ya pili.

Kwa hiyo mara majibu yakifika, linganisha na pasi herufi kwa herufi: majina yote kwa mpangilio wake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasi, aina ya kipimo, tarehe na saa ya kuchukuliwa sampuli, jina la maabara. Chapisha nakala mbili, hifadhi nyingine kwenye simu bila kutegemea intaneti. Fomu ya mtandaoni ya kisiwa ijaze ukiwa umetulia, na picha ya uthibitisho uitunze. Siku tano kabla ya kupima kaa mbali na mikusanyiko, harusi ikiwamo.

Hatua ya nane: Ukiwa kisiwani

Bonaire inamtaka kila mpiga mbizi alipe ada ya hifadhi, ambayo mwaka 2021 ilikuwa dola 45, asikilize maelezo ya masharti, kisha afanye mbizi ya kujipima kabla ya kuzunguka mwenyewe. Glavu zimepigwa marufuku, ili mtu asishike matumbawe. Wapo wanaoiona mbizi hiyo ya kwanza kuwa usumbufu, mimi niliihitaji. Baada ya mwaka mmoja na nusu nchi kavu nilishuka na vipande viwili vya uzito wa risasi zaidi ya inavyotakiwa, nikawa natifua mchanga kwa mapezi kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Tulipunguza uzito palepale, mita tatu chini, na nikarudia kutoa na kurudisha kipumulio mdomoni hadi moyo ulipotulia.

Siku mbili za mwanzo usivuke mita 18. Meli iliyozama ya Hilma Hooker, inayolala ubavu kwenye mchanga tangu 1984 kwa kina cha kama mita 30, iache hadi siku ya tatu au ya nne. Gati la chumvi liendee tu wakati hakuna meli inayopakia. Ukiegesha gari usiache kitu chochote ndani, na vioo uviache wazi, kwa sababu wezi wa kisiwani wanajua kwamba mwenye gari yuko chini ya maji kwa saa nzima. Kwenye ukaguzi wa vifaa kabla ya kuingia, kila mmoja avute hewa kwenye kipumulio chake mwenyewe huku mwenzake akitazama geji, badala ya kujaribiana vidomo kama zamani. Barakoa ivaliwe hadi ukingo wa maji na iwekwe kwenye mfuko mkavu.

Alhamisi alasiri pandisha vifaa kwa mara ya mwisho, vioshe kwa ile dawa na kuvisuuza, uvitundike vikauke usiku na kutwa ya Ijumaa ili visiongeze uzito wa sanduku. Miadi ya kipimo iwe Ijumaa saa mbili au saa tatu asubuhi, iliyowekwa kabla hujatoka nyumbani, ili majibu yakichelewa au yakiwa na kosa la jina bado mchana wote uwe wako. Kunywa maji mengi. Yakifika, yasome mara mbili, ya pili ukiwa umeshika pasi, kisha endesha gari polepole kusini hadi kwenye mabwawa ya chumvi, mahali ambapo heroe wa waridi husimama kwa mguu mmoja kwenye maji mekundu, na umalizie hapo saa zako za nchi kavu.